Navuta chuma, mgongo hausikii kitu

Kocha, shikamoo.

Nina miaka 29 na nimekuwa nikinyanyua vyuma kwa zaidi ya mwaka sasa, siku tatu kwa wiki, sikosi. Mikono imejaa, hata wenzangu wanaliona hilo. Kifua kinakuja taratibu. Tatizo langu ni mgongo. Nikikaa kwenye ile mashine ya kuvuta chuma kutoka juu, seti ikiisha mikono ndiyo inayowaka, hasa hapa mbele ya kiwiko na chini karibu na kiganja. Mgongo ni kama haukuwepo kazini. Nimeongeza uzito mara kadhaa nikidhani hiyo ndiyo dawa. Mikono ikazidi kuwaka, mgongo ukabaki vilevile.

Kuna kaka mmoja ninayefanya naye mazoezi, mwili wake umejengeka kwelikweli na ananisaidia sana. Yeye anasema kasoro yangu iko kichwani. "Wewe unahamisha chuma tu, hujengi msuli. Weka akili kwenye msuli uone." Nikamsikiliza, nikaanza kuuwaza msuli katika kila zoezi. Kwenye kukunja mkono niliona tofauti siku hiyohiyo, msuli ulibana mpaka nikashangaa. Lakini nilipofika kwenye kuchuchumaa na chuma begani, huku nikiwaza mapaja, mapaja, mapaja, uzito niliouzoea ukanishinda. Nikayumba, goti likaingia ndani, wenzangu wakawahi kudaka chuma. Mwenzetu mwingine akasema mambo ya akili ni imani tu, msuli unachokijua ni uzito.

Jambo la tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Akili yenyewe siku hizi haitulii. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima nikikagua mahesabu, na nikitoka huko nimechoka kichwa kuliko mwili. Katikati ya seti najikuta nawaza barua ambayo sijaijibu. Kati ya seti na seti nashika simu, nikiinua macho sikumbuki hata nilikuwa seti ya ngapi. Kuna siku najiuliza kama kuna faida ya kwenda, maana mwili upo lakini mimi sipo.

Naomba unisaidie, Kocha. Hili la akili kukuza msuli ni kweli, au ni hadithi za jimu? Kama ni kweli, mbona lilinivuruga kwenye kuchuchumaa? Na mtu ambaye kichwa chake kimechoka afanyeje?

Ni mimi,
Mwenye Mgongo Mgumu

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kilichonigusa katika barua yako ni kwamba huna tatizo la uvivu. Unakwenda, unavuta, unaongeza uzito, unasikiliza unachoambiwa na waliokutangulia. Mtu wa namna hiyo akikwama, haisaidii kumwambia aongeze bidii. Anahitaji kuelezwa kinachotokea mwilini mwake.

Nianze na swali lako la kwanza. Ni kweli, ila ni kweli yenye mipaka, na mipaka hiyo ndiyo uliyoivuka siku ile ya kuchuchumaa.

Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Brad Schoenfeld wa Lehman College, New York, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila anayeshika chuma alijue. Walichukua vijana wa kiume 30 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi ya uzito, wakawagawa makundi mawili. Wote walifanya mazoezi mawili yaleyale, kukunja mkono na kunyoosha goti kwenye mashine, seti 4 za marudio 8 hadi 12, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Kilichotofautiana ni maneno waliyoambiwa. Kundi moja lilihimizwa kuubana msuli kila rudio, jingine lilihimizwa kukipandisha chuma basi. Walipopimwa mwishoni, waliouwaza msuli walikuwa wameongeza unene wa misuli ya mbele ya mkono kwa asilimia 12.4. Wenzao waliongeza asilimia 6.9. Kwenye mapaja, makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajika.

Watu wakilisimulia jaribio hili jimu, hapo kwenye mapaja hupaacha. Usipaache. Mkono ni kiungo tunachokielekeza kwa makini kutwa nzima, tunaandika, tunafunga vifungo, tunashika vitu vidogo, kwa hiyo si ajabu ukatii haraka unapoambiwa "bana". Paja hatujalizoesha hivyo. Tena hilo ni jaribio moja, la wiki 8, kwa watu wapya. Linatosha kumjibu mwenzenu anayesema akili ni imani tu. Halitoshi kuwa sheria ya kila msuli na kila zoezi.

Miaka miwili kabla ya hapo, Joaquín Calatayud na wenzake walikuwa wamewapima wanaume 18, hawa wazoefu, wakisukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi. Waliwabandika vifaa vya kupima umeme wa misuli, wakawaambia mara wawaze kifua, mara wawaze misuli ya nyuma ya mkono. Kwa uzito wa kati ya asilimia 20 na 60 ya ule mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuusukuma mara moja, amri ilitiiwa: msuli uliowazwa uliongeza kazi. Walipofika asilimia 80, kuwaza hakukubadili kitu.

Sababu yake inaeleweka ukijua jinsi msuli unavyoitwa kazini. Nyuzi za msuli haziamki zenyewe. Ziko katika mafungu, na kila fungu lina neva yake itokayo kwenye uti wa mgongo. Kazi ikiwa nyepesi huitwa neva ndogo kwanza, na kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo zinavyoitwa kubwa. Mtaalamu Elwood Henneman ndiye aliyeueleza utaratibu huo katikati ya karne iliyopita, na haujapinduliwa. Nyuzi zenye uwezo mkubwa wa kunenepa zinaongozwa na hizo neva kubwa. Sasa, uzito ukiwa mzito sana, au ukiwa wa kawaida lakini umefika marudio ya mwisho na mkono unatetemeka, nyuzi karibu zote zimeshaitwa, uwaze msuli usiuwaze. Akili haina tena wa kumwongeza. Nafasi yake ya kugawa kazi iko kwenye uzito mdogo na wa kati, pale mwili unapokuwa na hiari ya kuchagua nani abebe mzigo.

Na mwili ukiachiwa hiari, unachagua ulichokizoea. Wewe mikono yako ndiyo iliyozoea. Kila ulipoongeza uzito kwenye ile mashine ulikuwa unaipa mikono sababu nyingine ya kulitwaa zoezi lote.

Kabla sijafika kwenye mgongo, nimalizane na kuchuchumaa, maana hilo lingeweza kukuumiza.

Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza mienendo ya mwili, ameonyesha tangu miaka ya 1990, yeye na wengi waliomfuata, kwamba anayeelekeza akili nje ya mwili wake hufanya vizuri kuliko anayewaza viungo vyake. Nje maana yake kwenye chuma, kwenye sakafu, kwenye shabaha. Kusimama kwenye kitu kinachoyumba, kuruka, kurusha, kuinua, mara nyingi jibu ni hilohilo. Mwaka 2009 David Marchant na wenzake walipima watu wakikunja mkono kwa nguvu zao zote kwenye mashine. Waliowaza kile kishikio walitoa nguvu nyingi zaidi, na bado umeme wa misuli yao ulikuwa mdogo kuliko walipowaza mkono wenyewe.

Ningekuomba ulichukue hilo kuliko yote niliyoandika hapa. Akili ikiwa nje, mwili unabana matumizi: nguvu nyingi, msuli kidogo. Ikiwa ndani, mwili unatumia msuli mwingi kwa kazi ileile. Anayetaka kuinua uzito mkubwa bila kuyumba anahitaji la kwanza. Anayetaka msuli fulani uchoke anahitaji la pili. Kaka yako alikupa ushauri mzuri, ila hakukuambia uuache mlangoni unapoingia kwenye zoezi zito la mwili mzima. Kuchuchumaa kunataka vifundo vya miguu, magoti, nyonga, tumbo na mgongo vikubaliane kwa wakati mmoja. Ukilikamata paja peke yake na kuanza kuliamrisha, unaingilia mpango ambao mwili wako ulikuwa unaujua tayari.

Kwa hiyo kwenye kuchuchumaa, na mazoezi mengine mazito ya namna hiyo, kazi ya akili ni kabla ya kuanza. Panga miguu. Vuta pumzi ijae tumboni, kaza tumbo. Kisha beba wazo moja tu, nalo liwe la nje: "sukuma sakafu", au "chuma kiende juu wima". Wazo likiwa la pili, limezidi. Uzito uliokushinda siku ile upunguze kwanza, urudi nao juu goti likiwa linafuata uelekeo wa vidole vya mguu. Na vile vyuma vya pembeni vya kuzuia chuma kisikuangukie, viweke kila mara, hata kama wenzako wapo.

Sasa mgongo.

Punguza uzito hadi ule unaoweza kuuvuta mara 15 bila kuhangaika. Utaona aibu mbele ya wenzako kwa wiki mbili tatu, vumilia. Shika chuma kwa vidole kama ndoano, gumba likae upande uleule na vidole vingine, usikikabe. Ukikikaba chuma, mkono wa chini unakaza, na ukikaza unauita mkono wa juu, na mgongo unapumzika. Halafu, mikono ikiwa bado imenyooka kabisa, usikunje kiwiko. Shusha mabega tu. Chuma kitashuka kidogo sana, upana wa vidole vichache. Achia mabega yapande tena, yashushe tena. Fanya hivyo mara tano sita mwanzoni mwa kila seti. Hapo kiwiko hakijakunjwa, kwa hiyo msuli wa mbele wa mkono hauna njia ya kuiba kazi, na kitu utakachokisikia kikibana chini ya kwapa, pembeni ya mbavu, ndicho ulichokuwa unakitafuta mwaka mzima.

Mwambie yule kaka asimame nyuma yako abonyeze hapo kwa ncha za vidole, upande wa kushoto na wa kulia. Wewe kazi yako ni kuvisukuma vidole vyake nje kwa msuli. Kuguswa kunampa mtu mahali pa kuelekeza akili, na kwa mgongo hilo lina thamani kubwa, kwa sababu ni msuli usiouona kwenye kioo. Kama huyo kaka hayupo, vuta kwa mkono mmoja na ule mwingine upitishe kifuani ukaguse mwenyewe.

Kisha vuta. Usiwaze kiganja, waza kiwiko kinashuka kwenda kwenye mfuko wa suruali. Chini pale tulia kidogo, sekunde moja inatosha, uhakikishe msuli umebana na si mwili umeegemea nyuma. Wakati wa kurudisha juu usikiachie chuma, kihesabie moja, mbili, tatu, na juu kabisa uruhusu mabega yapande ili msuli uvutike wote. Ukiona msuli wa mbele wa mkono umeanza kuwaka kuliko mgongo, seti imeisha, hata kama ulipanga marudio zaidi. Na zoezi hili lianze kabla ya kukunja mkono, si baada yake. Nimeona watu wengi wakiuchosha mkono kwanza, halafu wakashangaa mgongo hauvuti.

Lipo na zoezi jingine litakalokufaa, kushusha kamba ya mashine ukiwa umesimama na mikono imenyooka, kutoka usawa wa macho hadi mapajani. Kiwiko hakikunjwi kabisa, kwa hiyo msuli wa mbele wa mkono hauna kazi kubwa hapo. Seti mbili nyepesi kabla ya kukaa kwenye mashine yako zitakuamshia mgongo.

Ukishausikia, usikwame hapo. Wapo watu waliojifunza kuusikia msuli wakasahau kuongeza uzito, na miaka inapita wakiwa na dambeli zilezile, wanabana, wanafurahi, hawakui. Kuusikia msuli si ushahidi kwamba unakua, na kutousikia si ushahidi kwamba haukui. Kilicho na ushahidi ni msuli kufanyishwa kazi ngumu, seti zikimalizika ukiwa umebakiza marudio 1 hadi 3 tu kabla ya kushindwa, na kazi hiyo kuongezeka polepole mwezi baada ya mwezi. Mwenzenu yule wa uzito hapo hakukosea. Akili inakusaidia kuhakikisha kwamba ugumu huo unaufikia msuli uliouchagua. Kwa hiyo uzito ukipanda na mgongo bado uko kazini, ongeza tena. Mikono ikilitwaa zoezi tena, shuka hatua moja.

Chakula na usingizi sitavirefusha, naamini umeshavisikia. Protini gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku inawatosha watu wengi wa aina yako, na asiyelala hajengi.

Umeniuliza kuhusu akili isiyotulia. Hapa nataka tuzungumze polepole, kwa sababu nahisi unajilaumu, na sioni kosa la kujilaumia.

Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake waliwafanyisha watu kazi ya kompyuta yenye kudai umakini kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli ya mazoezi wapige hadi wachoke. Walikata tamaa mapema kuliko siku ambayo kichwa chao kilikuwa hakijachoshwa. Moyo na mapafu vilikuwa sawa. Kilichobadilika ni jinsi juhudi ileile ilivyoonekana nzito kwao. Wewe unafanya hivyo si dakika 90, ni kutwa. Ukiingia jimu na kila kitu kikawa kizito, si kwamba umekuwa dhaifu au huna nia. Ni kichwa kilichochoka kinakuambia kila kitu ni kizito.

Lakini uchovu huo hauli kila kitu sawasawa. Unauma zaidi kwenye juhudi ndefu za kuvumilia. Nguvu ya mara moja, ya marudio machache, haiguswi sana. Basi siku kama hizo usijipangie seti ndefu za marudio 20 na kuendelea, zitakushinda kichwani kabla hazijakushinda mwilini. Chagua mazoezi mawili au matatu, marudio 6 hadi 10, pumziko refu, uondoke.

Simu iache kwenye begi. Si kwamba simu ni dhambi. Ni kwamba dakika mbili tatu za pumziko ndipo kichwa kinapopata kutua, na wewe unazijaza maneno ya watu. Pumziko lenyewe usilifupishe ili kuikwepa simu, maana kupumzika dakika 3 kumeonekana kujenga zaidi kuliko dakika 1 kwa waliozoea vyuma. Beba daftari na kalamu. Ukimaliza seti, andika uzito, andika marudio, andika neno moja la ulichokisikia: "mgongo", au "mikono". Hutapotea tena kwenye kuhesabu seti, na baada ya muda daftari hilo litakuonyesha mengi kuhusu mwili wako. Dakika ya mwisho kabla ya seti inayofuata, funga macho uipitishe kichwani rudio moja zima, mabega yanashuka, kiwiko kinafuata, msuli unabana. Usiidharau dakika hiyo. Watafiti wa Cleveland Clinic walionyesha mwaka 2004 kwamba watu waliojizoeza kwa kuwaza tu, bila kuinua chochote, kwa wiki 12, waliongeza nguvu ya kukunja kiwiko kwa asilimia 13.5. Misuli haikunenepa kwa kuwazwa, ila ubongo ulijifunza kutuma amri yenye nguvu zaidi, na wewe amri ya kwenda mgongoni ndiyo unayokosa.

Ile barua ambayo hujaijibu iandike kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari kabla hujabadili nguo: nani, nini, kesho saa ngapi. Wazo likirudi katikati ya seti, na litarudi, usigombane nalo wala usiisimamishe seti. Rudisha akili kwenye kiwiko kinachoshuka, rudio linalofuata. Kule kurudisha ndiko zoezi lenyewe la umakini, hata ukirudisha mara kumi katika seti moja.

Na kuhusu kwenda au kutokwenda, jiwekee hivi: nenda, pasha mwili moto, fanya seti nyepesi za zoezi la kwanza. Baada ya hapo ukiona kichwa kimeanza kufunguka, na mara nyingi kinafunguka, endelea na ratiba yako. Kisipofunguka, fanya zoezi hilo moja hadi mwisho, kwa uzito unaoumudu vizuri, usijaribu kuchuchumaa na chuma kizito siku hiyo. Andika kwenye daftari, oga, nenda kalale mapema.